Vigezo na Masharti

Ujumbe uliingia saa nne usiku, simu ikang'aa mtoni mwa kitanda:
Hongera, Mwanahamis! Una pointi 4,850.
Zitumie kabla ya mwezi kwisha.
Sikulala. Nani huniambia hongera siku hizi?

Asubuhi nikavaa buibui la kutokea,
nikatoka Tudor kwa tuktuk hadi Nyali,
jua la Machi limenikaa mabegani kama mtoto mkaidi,
na kadi nimeifunga pembeni mwa leso, isikwaruzike.

Panka lilikuwepo. La kusimama, jeupe, mbawa tatu,
elfu nne mia saba tisini na tisa.
Nikalisukuma ubawa kwa kidole. Likaitika.

Kaunta namba sita, msichana, beji yasema Kadzo.
Akachanja kadi. Akachanja tena.
Akaipangusa kwenye aproni, akachanja.
"Mfumo umelala, mama."
Nikangoja uamke.
Nyuma yangu mwanamume mwenye mkate mmoja
akashusha pumzi kwa niaba ya foleni nzima.

Mfumo ulipoamka, uliamka na maneno:
pointi hazinunui kitu kilichopunguzwa bei.
Basi nipe kwa bei isiyopunguzwa.
Isiyopunguzwa, hazitoshi. Zapelea mia sita arubaini na tisa.
Niongeze taslimu.
Pointi na taslimu haziketi risiti moja.
Kama wake wenza, nikasema.
Kadzo akacheka, akaitazama kamera, akaacha.

Akaja meneja, Bwana Thoya, funguo shingoni.
Akaweka kadi kando ya kitambulisho
akavisoma kama asomaye hati ya shamba la mgogoro.
"Hapa Mwanahamisi. Hapa Mwanahamis.
Huyu wa pili ni nani?"
Ni mimi, baba. Plastiki iliisha kabla ya jina.
"Nenda benki wakurudishie herufi."

Herufi moja.
Ile ile ambayo mamangu akiivuta kutoka jikoni
hadi kwa jirani niliko: Mwanahamisiii!
Hata viziwi wa mtaa wakijua naitwa.

Nilitaka kumwambia Bwana Thoya pointi hizi zatoka wapi.
Nepi za watu wazima, pakiti kubwa, kila Jumatatu.
Glukosi. Mafuta ya vidonda vya mgongo.
Mirija ya kunywea uji, ile inayopinda.
Miezi kumi na saba, shilingi mia, pointi,
shilingi mia, pointi,
na yeye kitandani akisema joto, mwanangu, joto,
nami nampepea kwa kipepeo cha ukili, mkono ukifa ganzi:
bado kidogo, mama, zakaribia kutimia.
Zikatimia kwa bafta ya sanda
na mchele wa hitima.

Ahadi ni deni, twasema sisi.
Benki yasema vigezo na masharti kuzingatiwa,
kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa.

Sikumwambia. Mtu wa mkate alishapitisha mkono juu ya bega langu,
sarafu zake zikilia kwenye kaunta.
Panka wakalirudisha, mvulana kalibeba kwa shingo.

Lakini mashine, sijui kwa nini, ilinitolea risiti,
ndefu kuliko haja:
muamala umekataliwa,
pointi ulizopata leo sifuri,
asante kwa kununua nasi.
Kadzo akanipa kwa mikono miwili,
kama mtu apokezaye sahani ya mwenyewe.

Nje hakukuwa na kivuli wala tuktuk.
Nikaikunja risiti, kunja kwa kunja, nikajipepea.
Yapepea, wallahi. Kidogo.
Benki hufungua saa mbili na nusu.
Jumatatu nitaifuata ile herufi.