Gia ya Tatu

Nililitia tabo, nikalipa kifua cha simba,
shingo nikaisahau.
Kisesa, saa tano usiku, lami tupu:
gia ya tatu ikaingia, ikasaga
kama kokoto kinuni, kisha basi.
Injini inanguruma, magurudumu hayana habari.

Nkwabi, fundi wa Nyakato, hakunisimanga.
Alimwaga oili kwenye beseni,
akapitisha sumaku polepole, kama mtu anayechambua mchele.
Meno matatu. Na unga unaong'aa.
"Farasi mia tatu," akasema,
"umewafunga kwa kamba ya katani."

Giaboksi ngumu ipo Dar. Bei yake
ni ada ya Holo, mwaka mzima.
Minza anaijua hesabu hiyo; hajaniuliza.

Nimelipa ada.
Gari liko juu ya mawe, na mawe Mwanza
nani aliwahi kuyanunua?
Jumapili naliwasha lisisahau sauti yake.
Linatetemeka papo hapo, jirani anafunga dirisha,
kuku wanatoka chini ya bampa wakilalamika.

Jino moja nimebaki nalo mfukoni.
Nalipapasa nikiupanda mlima wa Mabatini
kwa miguu,
gia ya kwanza,
bila haraka.