Safu ya Saba

Kwa miaka tisa pumzi ya mpunga wetu
ilihesabiwa na mtu aliyekaa mbali.
Alikuja Januari na kompyuta na kikohozi,
akaondoka Machi.
Jedwali alituachia. Nywila alisahau.

Namba aliyotumia ilitoka mashamba ya kwingine,
udongo mwingine, maji ya watu wengine.
Ilitukaa kama suruali ya kuazima:
ukiinama tu, watu wanajua.

Leo Phetsamone yumo matopeni hadi magotini,
shahada ipo ukutani Vientiane, viatu vipo juu ya tuta.
Amefunika mashina sita kwa sanduku la plastiki angavu,
kila dakika kumi anavuta hewa kwa sindano
akifuata saa ya marehemu baba yake,
inayochelewa; amekwishajua kwa kiasi gani.

Bi Bouakham, mwenye shamba, anachuchumaa:
"Mwanangu, shamba langu linaumwa nini?"
"Haliumwi, mama. Linacheua."
Akacheka hadi kikapu cha wali wa kunata kikamponyoka.
"Kumbe nalo ni nyati!"
"Ukiliacha likauke siku chache, kisha ukalirudishia maji,
linapunguza kucheua."
"Na mavuno?"

Phetsamone akanyamaza.
Hilo limo daftarini, safu ya saba,
na safu ya saba bado ni tupu.
"Sijui, mama," akasema.
Neno hilo
hakufundishwa kwenye semina yoyote ya hotelini.

Usiku, basi la kaskazini,
chupa mia moja na nane mapajani kama mayai ya kuku.
Zamani zilivuka mto kupimwa kwa jirani.
Sasa mashine ni yetu, na hitilafu zake ni zetu:
mtungi wa heliamu uliisha Mei,
barua ya kuomba mwingine ikazunguka meza nne,
na fundi Khamtanh ameziba mpira unaovuja
kwa kiraka cha baiskeli. Ameandika tarehe juu yake.

Saa tisa usiku mstari ukapanda kiooni,
kilima kidogo, kikashuka.
Methani. Nyingi kuliko ile ya kuazima.

Asubuhi mkurugenzi aliitazama namba kwa muda mrefu,
kama mtu aliyeletewa bili.
"Mmepima mara ngapi?"
"Mia moja na nane. Chupa nne tumezitupa, zilivuja."
"Iandikeni. Na hizo nne pia."

Ndipo Phetsamone akaangalia miguu yake:
tope la Savannakhet limekauka, linapasuka kwenye vigae.
Viatu amevisahau juu ya tuta.
Atavirudia wakati wa mavuno,
na mizani.