Nusura

Wao wana neno moja tu: eji.
Kisu anachopakia siagi kina eji.
Sahani iliyomeguka inayo, na kitambaa cha meza
alichokidarizi mama yake, na kitanda
ninapomketisha asubuhi nimvike soksi,
na pale bustani inapokoma bila kuaga
na chini yake ni bahari, kijivu,
rangi ya maji ya kuoshea sufuria.

Mimi nilikuja na yangu mengi,
nimeyapanga kama vijiko kwenye droo:
makali ya kisu, pindo la nguo,
pambizo la karatasi, ukingo wa mto, ncha ya sindano.
Sikujua kuna mtu anayeweza kuyamwaga yote katika mfuko mmoja
akatembea nao miaka themanini na mitatu
asichomwe.

Juma langu la kwanza Bi Hilda Stathers alisema,
"Leo niko kwenye eji."
Nikaliacha birika likipiga mluzi, nikakimbilia mlango wa nyuma,
soksi moja mkononi.
Kumbe yuko kitini mwake.
Alicheka mpaka meno ya bandia yakalegea.
Alitaka kusema roho iko juu. Tumbo joto.
Alikuwa anangoja barua.

Barua huletwa na Darren Wray wa halmashauri,
kijana anayefuta viatu hata akiwa hajaingia.
Kila Machi na kila Septemba huja na futikamba,
hupima kutoka kizingiti cha jikoni
hadi palipobaki.
Mara ya kwanza nilipomshikia ncha: mita kumi na tisa.
Kisha kumi na nne.
Dhoruba ya Februari ikala kibanda cha baiskeli,
kamba ya kuanikia ikabaki inaning'inia hewani
na vibanio vinne.
Tisa na nusu.
Darren huandika kwa penseli
kana kwamba kesho ataruhusiwa kufuta.

Mbele yetu palikuwa na nyumba ya akina Blanchard.
Sasa hatuna mbele.
Barabara inafika kwenye bango, bango linasema simama,
na lami inaendelea hatua mbili zaidi, kwa ukaidi.
Usiku tunausikia udongo ukiachia.
Si kishindo. Ni kama mtu anayevua koti zito
akalidondosha sakafuni kwa uchovu.
Hilda hataki kuhama. Kubaki pia hataki.
Anataka biskuti, na dirisha lifunguliwe kidogo.

Jumanne moja, akiinuka, mguu ukamsaliti.
Nikamdaka kwapani, na kinywa changu kikaropoka kwao:
nusura!
"Ndiyo nini hiyo?"
Nikamwambia, ni kuanguka ambako hakukutimia.
Nikamwambia pia, maana tulikuwa bado tumesimama hivyo,
kwamba ukilipinda kidogo mkiani
linakuwa nusuru, yaani okoa.
Akalirudia, ulimi ukijikwaa kwenye r.
Akafikiri.
"Kwa hiyo kwenu, anayekaribia kuanguka,
tayari kuna mtu amemshika?"

Sikumjibu. Siyo hivyo hasa.
Nimewaona wengi walioanguka wakilitamka.
Neno halina mikono.
Ila mikono yangu ilikuwa bado kwapani mwake,
nayo ilianza kuuma.

Septemba, Darren akakunja futikamba, hakututazama.
Saba na robo.
Akamuuliza, kwa adabu yake ile ya kufuta viatu,
"Na wewe, Bi Stathers, unajisikiaje?"
"Nusura," akasema Hilda,
kama anayetaja kijiji cha jirani
ambako basi hufika kila Alhamisi.
Darren akauliza linaandikwaje.
Kisha akaliandika kwa penseli, kando ya namba,
kwenye pambizo la fomu,
akalitia s mbili.