Nukta

Lali, ufunguo huu
wa kabati lile juu,
usifanyie makuu:
ni mzigo umepewa.

Kesho navuka Mokowe,
na zamu ushike wewe;
neno moja ulijuwe,
ndipo uziguse dawa.

Chanjo hukaa baridi,
jokofu hilo la jadi
hukohoa, na huzidi
umeme ukipunguwa.

Umeme ukikatika,
kwa Somoe utafika,
barafu yake kutaka
ya juisi; huigawa.

Tarehe iliyopita,
hata chupa ikimeta,
itenge, isije vuta
mkono uliolewa.

Punda usimkadiri
kwa jicho la ushairi;
utepe hutoa siri
kifuani ukitiwa.

Kilo hizo zizidishe
na kipimo, usibishe,
kisha uzigawanyishe
kwa ukali wake dawa.

Ipo sindano ya nyama,
na ya ngozi, hutuama;
mshipa hutenda hima,
hakuna kurudishiwa.

Sindano ukishachoma
usiirudishe nyuma;
kifuniko kina homa,
kidole kinangojewa.

Dawa ndani ina nyayo,
haifutiki kwa mbiyo;
nusu hutoka, na hiyo
nusu tena hugaiwa.

Yule ng'ombe wa Bishara,
kiwele kilipofura,
nikamdunga kwa mara
tatu, uvimbe kupowa.

Nikasema: "Siku nne
kopo lako wasione;
mwaga, watoto wapone,
hayauziki maziwa."

Akalia: "Nina deni
la pumba, tena dukani;
wateja wa Mtamwini,
na leo wanywe kahawa?"

Yalimwagwa, na mapaka
nikaanza kuyasaka,
ufagio nimeshika:
hakuna lililopewa.

Hayo yote ni rahisi,
yamo kwenye karatasi.
Lililonipa mkosi
ni nukta isiyokuwa.

*

Alikuja Bwana Shee,
ukwato nimchongee,
punda wake atembee,
mawe tena kuchukuwa.

Punda yule hakutaka
mguu kunyanyulika;
teke, ndoo ikaruka.
Nikasema: atalewa.

Hesabu kwenye kiganja
nikaandika, mjanja;
jua kali la kiwanja
kwa jasho likaichuwa.

Moja, nukta, kisha mbili:
nukta ikaenda mbali.
Kumi na mbili kamili
nikavuta hiyo dawa.

Bomba lile lilijaa,
nami sikulishangaa,
na punda akanyamaa
kama aliyeambiwa.

Goti likashika chini,
kisha pua mchangani,
ubavu ukawa duni,
pumzi zikapunguwa.

Ya kupinga? Chupa tupu.
Nikapekua makapu,
ngozi ikawa upupu,
na adhana yatolewa.

Laasiri akaisha.
Bwana Shee akashusha
hatamu, akazungusha
kimya, kama amefiwa.

Akasema: "Ni kadari,
nawe usijihasiri;
Mungu ndiye mwenye siri,
siku yake ilikuwa."

Kiganja nikakikunja;
radhi yake nikaonja
mwezi mzima, ikivunja
usingizi nikipewa.

Nikenda hadi nyumbani
kwake, pale Matondoni,
nikamweleza yakini:
wino wangu uliuwa.

Hakujibu. Alisuka
kamba hadi ikafika
mwisho, ndipo akaweka
chini, nami nikapewa

bei ya punda mzima;
hakutaka la huruma.
Nikalipa, nikahema
kwa miezi, nikapowa.

*

Lali, dozi ukiweka,
karatasini andika;
tarakimu hufutika,
neno ni gumu kuliwa.

Soma kwa sauti. Kisha
Somoe atakutosha:
hajui, ila hubisha,
kubishwa kuna afuwa.

Kiganja changu ni hiki:
nimenawa, hakitaki
kushika wino. Hubaki
nukta ile isokuwa.