Nukta za Kushuka Mwaloni

Nukta ya kwanza niliiweka mlangoni kwetu, Kitangiri,
ya pili Mwaloni, penye mizani ya dagaa.
Nikabonyeza. Mhusika wangu, kanga kiunoni, ndoo kichwani,
akateremka mlima kama uzi uliovutwa:
akapenya jiwe,
akapenya ukuta wa choo cha jirani,
akapita katikati ya mbuzi
na mbuzi hakushtuka.

Kompyuta haikukosea. Niliiambia hapa na pale,
ikanipa njia fupi kuliko zote,
njia ya mtu asiye na mwili.

Basi nikaanza kupanda nukta
kama apandaye mahindi penye mawe mengi kuliko udongo:
moja ubavuni mwa jiwe la mijusi vichwa vyekundu,
moja juu ya ngazi za saruji,
moja chini yake, maana ngazi ya tatu imemeguka,
moja mbele ya mashine ya kusaga,
hadi zikafika kumi na moja.

Mama akaja na chai, akasimama nyuma yangu.
"Huyo nani?"
Mtu tu, nikasema. Muuza maandazi.
"Mtu tu, na ndoo yangu ya bluu?"

Akavuta kigoda.
"Hapo hapiti."
Njia ipo, Mama.
"Ipo. Lakini kwa Nyanzobe nilikuwa na deni la unga,
mwaka ule magugu yalipofunga ziwa
na mitumbwi ikalala, na wavuvi hawakununua hata andazi."
Nikaisogeza nukta nyuma ya nyumba ya Nyanzobe,
kando ya mtaro,
na mhusika akakunja kona
kwa aibu ambayo sikumwandikia.

"Hapa natua ndoo. Goti."
Nikaandika: subiri, sekunde mbili.
"Hapa korongo wamejipanga kama mahakimu, nawazunguka."
Nikazungusha.
"Hapa ongeza mwendo."
Kwa nini?
Akapuliza chai iliyokwisha kupoa.
Kati ya nukta ya nane na ya tisa
kuna mita arobaini za uchochoro usio na taa.
Nikaongeza mwendo. Sikuuliza tena.

"Na kurudi?"
Kurudi ni rahisi, nikasema, nikijisifu:
orodha inageuzwa tu, kumi na moja hadi moja.
Akacheka mpaka akaweka kikombe chini.
"Kurudi si kushuka kinyume, mwanangu.
Kurudi ndoo ni tupu, jua limepanda,
shilingi zimefungwa kwenye pindo la kanga.
Kurudi napita mlangoni kwa Nyanzobe,
mlangoni kabisa, nabisha hodi,
nampa mia mbili, nampa mia tatu,
naondoka shingo ikiwa mahali pake."

Nikafungua orodha ya pili. Tupu.
Tukaijaza mpaka mbwa wa Kirumba wakanyamaza.

Mwisho akaniomba kipanya,
akakishika kama yai,
akabonyeza juu ya jiwe kubwa, mbali na njia.
Hapo hapaelekei popote, Mama.
"Najua."
Nikamwona mhusika akiiacha njia, akipanda, akisimama.
Ziwa lote mbele yake, rangi niliyoichagua kwa haraka.
Asubiri sekunde ngapi?
Nikaandika nne.
"Ongeza," akasema.