Saa Mbili

Karatasi ya chuo ilisema: Tamandani, wa Zomba,
mwaka wa pili, takwimu, saa mbili kwa wiki.
Nikampigia: njoo Jumanne, saa mbili,
hapa Rau, geti la bluu ukishavuka daraja.

Nikachemsha chai. Nikachonga penseli mbili.
Saa tatu. Saa nne. Chai ikavaa utando.
Watoto wa siku hizi, nikasema na ukuta,
nikaenda zangu kupalilia magimbi.

Saa nane kasoro dakika kumi, hodi!
Viatu mkononi, tope hadi magotini,
anatabasamu: Nimewahi, Mwalimu.
Na kwa saa yake, kweli alikuwa amewahi.

Basi somo la kwanza halikuwa wastani.
Lilikuwa hili: hapa siku huanza kukicha,
haianzi usiku wa manane watu wamelala.
Toa sita.
Akaandika pembeni mwa daftari, akapiga mstari,
hesabu pekee ya siku ile asiyoifuta.

Tukaingia kwenye mchepuko.
(Neno la kitabuni, nikamwonya,
mtaani usilitamke bila karatasi ya takwimu.)
Nikachora mikungu kumi ya mshare, soko la Kiborloni,
kila mkungu na bei yake.
Wastani tuliupata, elfu kumi na tatu na mia nne,
na hakuna mkungu hata mmoja uliouzwa bei hiyo.

Na wewe, nikauliza, uko mbali gani na wastani?
Penseli ikasimama.
Wakicheka darasani, alisema, nami nacheka,
sekunde tatu baada yao.
Nimezipima.

Nikafunga kitabu.
Kwenu moyo mnauitaje?
Moyo.
Na nyumba?
Nyumba.
Na mvua?
Mvula.
Ile L tukaigawana
kama kipande cha mwisho cha ndizi ya kuchoma.

Aprili kibali chake cha kuishi kilibakiza siku nne.
Hilo halikuwa kwenye karatasi ya chuo.
Tukakaa kwenye benchi la uhamiaji, namba sitini na moja,
feni inazunguka bila upepo,
naye nyuma ya risiti ananitafutia uwezekano
kwamba tutaitwa kabla ya chakula cha mchana.
Alikokotoa vizuri. Hatukuitwa.
Tulirudi kesho yake na keshokutwa,
na siku ile ya tatu karani alisema neno, ukumbi ukacheka,
na Tamandani akacheka nao,
sawia.
Nilitazama saa yangu, sijui kwa nini.

Akapata C.
Aliileta kama mtu aliyebeba yai.
Nilipika mtori, akaomba na pilipili,
jirani akauliza kuna sherehe gani,
nikamwambia, ya wastani.

Ni mwaka wa tatu sasa tangu arudi kwao.
Juzi ujumbe: Mwalimu, nikupigie kesho saa mbili?
Saa mbili ipi, sikuuliza.
Ningeuliza ningeonekana sikufundisha.

Leo nimechemsha chai asubuhi.
Nikachemsha tena alasiri, maana kwao
jua huwafikia saa moja baada yetu.
Sasa giza limeshuka Rau, vyura wa mtoni wameanza,
birika bado lina moto,
na simu iko mezani
kati ya penseli mbili.