Tisa na Sita

Nilimwambia nataka mlima.
Mlima mzima, theluji juu, jua linachomoza,
na simba chini yake.
Kanaeli akaacha kuchapa.
"Kwenye banda lako kuna simba?"

Kuna gundi. Kuna msharasi, na nta,
na uzi mweusi wa nailoni,
na mabuti jozi arobaini na mbili
niliyoyaokota Kiborloni mabelo yakifunguliwa,
nikayashona upya, nayakodisha kwa wapanda mlima.
Niko Majengo, nyuma ya mashine ya kusaga,
na mtu hanioni mpaka anikanyage.

"Basi tuanze na hapo ulipo," akasema.

Wapare, watani zetu hawa,
hata salamu wanaipima kabla ya kuitoa.
Niliandika kurasa tatu kwa kalamu nyekundu.
Karibuni sana wateja wetu wapendwa popote mlipo duniani:
akafuta.
Sisi ni mabingwa wa ubora na uaminifu:
akafuta. "Hilo hata mwizi anaandika."
Nikaomba muziki, uwe unapiga mtu akifungua.
Alinitazama tu.

Kisha akaketi kwenye stuli ya wateja, akavua kiatu.
"Anayeingia hapa, neno lake la kwanza ni lipi?
Si salamu. Lile la baada ya salamu."

Nikanyamaza, nikazisikia sauti zao zote:
fundi, soli imebanduka na kesho napanda.

Akaliweka hivyo hivyo, juu kabisa ya tovuti:
SOLI IMEBANDUKA NA KESHO UNAPANDA?
Chini yake: Lete leo. Jioni utaichukua.
Chini yake, bei.

Bei niliipinga.
Bei ni jambo la kunong'onezana, nilisema,
unamtazama mtu usoni kwanza.
"Aliye getini Marangu, mtandao kijiti kimoja,
hana muda wa kutazamwa uso."
Ndiyo maana picha nayo ni moja, nyepesi,
ifunguke kabla bando halijakata:
mkono wangu, msharasi, kisigino.
Ule ukucha uliogongwa na nyundo unaonekana.
Ndeshukurwa, mke wangu, alisema ningenawa kwanza.
Kanaeli akasema asinawe.

Wiki ya kwanza, kimya.
Ya pili, kimya,
nikaanza kusema juu ya Wapare
maneno ambayo utani hauyasitiri.

Ijumaa akaingia mama mmoja, vumbi mpaka magotini,
daftari la shule kwapani.
"Wewe ndiye wa mabuti?"
Ndiye.
"Mimi naitwa Mama Nakijwa. Nauza vifaranga Himo.
Siku kumi na nne naulizwa habari za soli.
Usiku. Kanisani. Nikiwa na sindano ya kuku mkononi."

Tukafungua simu. Tarakimu ya mwisho: tisa.
Yangu ni sita.
Na niliyeiandika kwenye karatasi, kwa kalamu nyekundu,
nikaipeleka karatasi juu chini,
ni mimi.

Akafungua daftari. Watu kumi na mmoja,
kila mmoja na saizi ya mguu wake, na siku ya kupanda.
Wapagazi saba. Mwalimu wa Kibosho.
Wazungu wawili, "hao hatukuelewana, nikachukua namba tu."
Wa kumi na moja alinunua vifaranga.
"Na bei yako hakuna aliyebishana nayo," akasema.
"Ni ndogo mno."

Kanaeli alikuja mbio, akaipindua tisa ikawa sita,
kama mtu anavyopindua kiatu kuitazama soli.
Hakunicheka. Angenicheka ningefurahi zaidi.

Kisha akamgeukia Mama Nakijwa, aliyekuwa bado ameshika stuli,
akamuuliza lile swali lake:
neno la kwanza, baada ya salamu.

Mama hakufikiri hata kidogo.
"Wamechanjwa?"